Wamarekani, Mpira, na Mechi Yangu ya Qurus

Siku mliyoniaga pale ofisini Karatu, mkaninunulia blanketi na kiti cha kukunja kana kwamba nimeambiwa nikakae nje nisubiri kufa, Godi alisimama akauliza swali mbele ya wote. Godi ndiye anayeendesha sasa gari la watalii nililoliacha. Alisema, "Mzee Sulle, Kombe la Dunia mwaka huu linachezwa Marekani. Wewe umewabeba Wamarekani miaka thelathini. Hawa watu watakuja kuupenda mpira kweli, au ndiyo basi tena?"

Mlicheka kwa sababu mnajua nina hotuba yangu kuhusu jambo hilo. Nikaitoa yote. Halafu Godi akaniomba nisimulie mechi ya Qurus, siku wasichana wetu walipowafunga Wamarekani, nami nikaisimulia kwa mikono na miguu, mkapiga makofi. Binti yangu Restituta alikuwa amekaa mstari wa mbele. Naye alipiga makofi.

Ile hadithi niliyowasimulia ni ya uongo, na nimeisimulia hivyo kwa miaka. Nataka muipate ilivyokuwa, lakini nitaanzia mbali kidogo, maana uongo wenyewe ulianzia kazini na nilifundishwa vizuri.

Nilianza kwa kuosha magari. Siku ya kwanza nilifunua paa la gari ili ndani pakauke, nikaenda kunywa chai, mvua ikashuka kama inavyoshuka Karatu, bila hodi. Aliyekuwa mkubwa wa madereva ni Mzee Melkiori, Mchaga wa Rombo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti kilicholowa chapachapa, akaendesha hadi lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kurudi. Nilishuka nikiwa na suruali iliyonishika mapajani. Tangu siku hiyo sijaacha paa wazi.

Mzee Melkiori alinifundisha kutembea na kipande cha ubao chini ya kiti cha dereva. Vijana wa leo mna jeki nzuri kuliko zetu, lakini nimewaona mkihangaika nazo kwenye matope, jeki inazama na gari halipandi. Ubao kwanza, jeki juu yake. Alinifundisha pia kufuta darubini kwa kitambaa cha pamba na si kwa shati, na kuzima redio ya gari mgeni anapolia, kwa sababu wageni hulia zaidi ya mnavyodhani, hasa wakiona tembo.

Baada ya miaka miwili nikapewa gari. Safari ngumu ya kwanza ilikuwa ya Malambo wakati wa masika, nikiwa na Wajerumani wawili wazee, mume na mke. Gari lilizama hadi kwenye ekseli. Nilikaa pale kwa muda wa saa nne nikichimba, na wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe jirani wakaja kunitazama, wakanicheka kwa Kimaasai, kisha wakanisaidia kusukuma. Yule mama wa Kijerumani aliuliza kwa nini tumesimama muda mrefu namna ile. Nikamjibu bila kufikiri kwamba nilisimama makusudi, ili wawaone wafugaji wakinywesha mifugo, jambo ambalo wageni wengi hawalioni. Alifurahi sana. Aliporudi kwao akaiandikia ofisi barua ya kunisifu kwa ubunifu.

Mzee Melkiori aliisoma ile barua, akanitazama, akasema, "Sasa umeiva."

Nami nikaamini nimeiva. Nilijifunza kwamba kazi yetu ni kumrudisha mgeni kwao akiwa na furaha, na kwamba ukweli ni kifaa kama jeki, unautoa ukihitajika. Sisemi ofisi ilinifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na nilikuwa mwanafunzi hodari.

Mpira wa miguu ulikuwa kifaa changu kingine. Kutoka Karatu hadi langoni barabara haina wanyama wa kuonyesha, na ukinyamaza mgeni anaanza kuwaza choo. Kwa Mwingereza unataja timu yake, anaongea mwenyewe hadi mnafika. Mwitaliano hata humtajii, anaanza yeye. Mmarekani ndiye alikuwa shida. Unamtajia mpira, anatabasamu kwa adabu na kutazama nje. Kwa hiyo nikatunga hotuba yangu: kwamba Mmarekani hatapenda mpira hata dunia iishe. Amezoea michezo inayosimama kila dakika ili aende kununua chakula. Dakika tisini bila bao anaona ameibiwa. Sare haielewi kabisa, anauliza sasa nani ameshinda. Na mchezo ambao mkono ni dhambi, atauweza wapi mtu aliyezoea kudaka? Wengi walicheka. Waliobaki walikubali. Sikuwahi kukutana na aliyenibishia, mpaka Nansi.

Nansi alikuja na wenzake sita, wanawake watupu, mdogo wao akiwa na miaka arobaini na kitu. Nilipewa gari refu la siti saba, wakalijaza. Wawili walikuwa na bandeji magotini. Nikawatolea hotuba yangu tangu tunatoka Karatu. Walisikiliza hadi mwisho, kisha Nansi, ambaye alikaa siti ya mbele karibu nami, akasema taratibu, "Sisi saba tunacheza mpira pamoja tangu tukiwa shule. Kila Jumamosi. Je, huku kwenu kuna timu ya wanawake tunayoweza kucheza nayo?"

Jibu nilikuwa nalo nyumbani kwangu. Restituta, mwanangu wa kwanza, alikuwa amemaliza kidato cha nne na ndiye kipa na kapteni wa timu ya wasichana ya kijiji chetu cha Qurus. Kocha wao alikuwa Mwalimu Yustina wa shule ya msingi. Walikuwa wamewafunga wasichana wa Kansay wiki chache nyuma, kwao Kansay, na Kansay si watu wa kufungwa kwao. Nikampigia simu mwalimu, tukapanga mechi ya saba kwa saba wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, siku ambayo wageni walikuwa wapande ukingo wa Kreta mchana. Mke wangu akasema kama wageni wanakuja Qurus basi hawaondoki bila kula. Tulichinja mbuzi.

Asubuhi ile wasichana walikuja kwangu wakala makande na maziwa mgando. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwaza. Niliwaza yale magoti yenye bandeji. Nikaona Wamarekani watu wazima wakifungwa kumi na wasichana wanaolima na kubeba maji, wakirudi garini wamenuna, wakiandika mtandaoni kwamba dereva aliwapeleka kudhalilishwa. Nikamwita Restituta pembeni.

"Mwanangu, hawa mama hawajui mpira. Ni Wamarekani. Waacheni wafunge mawili matatu, wapige picha, wafurahi."

"Baba, tumefanya mazoezi wiki nzima."

"Ni wageni wangu, Resti."

Kwetu mtoto hamjibu baba mara mbili, na mimi niliitegemea heshima hiyo. Akaenda kuwaambia wenzake, na niliona kwa jinsi walivyoacha kucheka kwamba wamenielewa.

Uwanja wa shule ya Qurus umeinama upande wa korongo, mpira ukitoka unaufuata kwa dakika tatu. Watu wa kijiji walijaa. Mwalimu Yustina akashika filimbi. Na katika dakika ya kwanza nikagundua kwamba hotuba yangu ya miaka yote ilikuwa upuuzi. Wale mama walijua mpira. Hawakukimbia sana, magoti hayakuwaruhusu, lakini walipeana pasi bila kutazamana, kama watu wanaoosha vyombo jiko moja kwa miaka. Wa kwanza alifunga, Restituta akaanguka upande usio wa mpira. Wa pili alipiga taratibu kabisa, Restituta akaukanyaga na kuuachia upite. Wanakijiji wakaanza kuguna. Walimjua Restituta.

Nansi naye alikuwa amecheza miaka mingi mno asitambue. Alisimamisha mpira kwa mguu katikati ya uwanja, akamwomba mwalimu mapumziko, akaja moja kwa moja kwangu. Uso ulikuwa mwekundu, na si kwa jua.

"Kwa nini hawachezi?" akaniuliza. "Yule kipa anaachia. Nimemwona. Tumesafiri mbali, hatutaki kuchezewa."

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema, samahani mama, niliwaambia mimi, sikujua kama mnaweza. Angekasirika kidogo, labda angecheka, mechi ingeanza upya. Lakini nilikuwa nimeiva. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kwamba kuna maneno ambayo mgeni kutoka ng'ambo akiyasikia haulizi swali la pili. Nikayatumia.

"Hawana nguvu, mama," nikasema. "Hawajala tangu jana."

Restituta alikuwa nyuma yake hatua tatu. Kiingereza alikuwa nacho, nilimsomesha mwenyewe.

Nansi aliweka mkono mdomoni. Akawageukia wenzake akasema kitu haraka, na wote saba wakakimbilia garini, wenye bandeji na wasio na bandeji. Mnajua kwamba loji hufunga lanchi boksi utake usitake. Wakazitoa zote, na ya kwangu pia, wakaja wakipiga magoti mbele ya wasichana mmoja mmoja, kila mmoja anafungua boksi: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha keki. Mmoja wao alikuwa analia. Nyuma ya shule moshi wa jiko la mke wangu ulikuwa unaonekana, na upepo ulileta harufu ya mbuzi wa kwangu hadi uwanjani.

Wasichana waliduwaa. Walimtazama kapteni wao, na kapteni akanitazama mimi. Kisha akavua glovu moja, akapokea boksi, akasema kwa Kiingereza cha shule, "Asante, mama. Tulikuwa na njaa." Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, wakile chakula wote, wasimwaibishe baba yake. Akamenya yai akalila, na Nansi akampiga picha, glovu moja mkononi na yai kwenye mkono mwingine.

Wakala. Watoto waliokuwa wameshiba makande saa moja iliyopita walikula kuku na keki mbele ya kijiji kizima, mbele ya mama zao, ili mimi nisionekane mwongo. Mama mmoja alimpungia Mwalimu Yustina boksi lililobaki. Mwalimu akakataa kwa tabasamu, kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, kwa adabu yote, "Mimi nilikula kwako asubuhi, Mzee Sulle. Chakula kilikuwa kizuri sana. Mshukuru mama."

Kipindi cha pili Restituta aliamua kwamba sasa wanacheza kweli, na hapo mtacheka, nami ningecheka kama mtoto asingekuwa wangu. Hawakuweza kukimbia. Matumbo yalikuwa yamewajaa. Mshambuliaji wetu alitapika karibu na kona, na wale mama wakatazamana kwa huzuni, wakaambiana kwamba tumbo lenye njaa halipokei chakula kingi ghafla. Tulifungwa tano kwa moja. Hayo ndiyo matokeo ya mechi ya Qurus.

Mbuzi hawakumwonja. Ningewapelekaje kwenye mbuzi mzima watu niliowaambia kijiji kina njaa? Nilimwambia mke wangu kwamba tumechelewa langoni. Alikuwa amepika tangu alfajiri, amevaa kitenge kipya. Alisema tu, "Haya."

Tulipokaribia lango Nansi akasema, "Ulituambia hatutaupenda mpira. Nimecheza maisha yangu yote. Watoto wa kwetu wote wanacheza, Jumamosi huwezi kupata mahali pa kuegesha gari. Wakikua wanaacha, wanakwenda kutazama michezo mingine. Sisi tukicheza wanakuja waume zetu na mbwa mmoja. Kuupenda tunaupenda. Kuja kutazama ndiyo sijui." Lilikuwa jibu zuri kuliko hotuba yangu, nami sikulisikia vizuri. Njaa ilikuwa inaniuma, maana lanchi boksi yangu nayo ilikuwa imeliwa uwanjani.

Miezi ilipita. Siku moja ofisi ikaniita, kuna maboksi yangu posta. Mipira, viatu, na biskuti nyingi sana zenye karanga. Mipira na viatu nilimpelekea Mwalimu Yustina, akavipokea bila kuniuliza vimetoka wapi. Biskuti nilizileta ofisini. Wengi wenu mlizila, na Godi aliniuliza kama zipo nyingine.

Ndani ya boksi moja palikuwa na barua na picha. Nansi aliandika kwamba waliporudi walipanga mechi mjini kwao, kwa ajili ya wasichana wa Qurus. Kwa mara ya kwanza watu walikuja. Picha ilionyesha uwanja uliojaa, watu wamesimama hadi nyuma ya magari, wazee, wanaume wenye kofia, watoto mabegani. Na juu ya lango la uwanja palitundikwa bango kubwa lenye picha ya binti yangu, glovu moja na yai, na maneno chini yake: walicheza na njaa. "Nilikuambia sijui kama watu watakuja kutazama mpira," Nansi aliandika. "Walikuja."

Nilikaa kwenye gari nikaitazama ile picha mpaka askari wa maegesho akagonga kioo. Mwanangu hajawahi kulala njaa. Babu yake alikuwa na ghala la ngano. Na sasa kuna mji mzima usioujua Qurus, unaomjua Restituta kama mtoto aliyepewa yai na mgeni. Niliona aibu hadi masikioni. Sikumwandikia Nansi. Niliificha picha kwenye kitabu cha huduma za gari, ambacho nilijua hakuna mtu hukifungua, na mlipoanza kuniuliza habari za mechi nikaanza kusimulia kwamba tulishinda.

Sasa mnajua kwa nini makofi ya Restituta mstari wa mbele yalinikosesha raha. Siku iliyofuata nilimfuata dukani kwake, anauza mbegu na dawa za mimea hapa mjini. Nilisubiri wateja watoke, nikaweka kwenye kaunta ile picha, niliyoitoa kitabuni nilipokabidhi gari. Nilisema kila kitu, na nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote, kwamba anisamehe.

Hakuishika ile picha.

"Ninayo, Baba," akasema. "Mama Nansi alinitumia mimi pia, kupitia shule. Aliniuliza tunahitaji nini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamshukuru. Nikasema tulikuwa na njaa siku ile, ila sasa hali ni nzuri, asitume tena."

Nikamuuliza kwa nini. Mteja aliingia, akataka mbegu za mahindi, akahudumiwa, akatoka. Restituta alifunga droo.

"Ulikuwa kazini, Baba. Angeandika ofisini kwenu, wangekufukuza. Nilikuwa nasubiri ustaafu."

Miaka yote hiyo. Aliubeba uso wake kwenye lile bango, akitabasamu nikisimulia tulivyoshinda, akisubiri nifike umri wa kukabidhi funguo. Mimi nilidhani nimemficha jambo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananifichia mimi.

Akatoa daftari la duka, akachana karatasi kutoka katikati, akaniwekea na kalamu juu yake.

"Sasa umestaafu," akasema. "Mwandikie."

Kwa hiyo, Godi, swali lako nilikujibu ovyo. Kama Wamarekani watakuja kuupenda mpira sijui, na sikupaswa kujifanya najua. Ninachokijua ni kwamba kuna mji mmoja ulijaa uwanjani kwa sababu ya maneno yangu machache, na watu wake wana haki ya kujua walikuja kutazama nini. Niliandika pale pale kaunta, kwa Kiingereza changu cha barabarani, binti yangu amesimama ananitazama, na sentensi ya kwanza ilisema: wale wasichana walikuwa wameshiba.